Monako, nchi inayozungukwa kabla ya jua kuchwa

Siku moja darasani mwetu, wakati wa somo la jiografia, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alisimama mbele ya ramani ya Ulaya, akaweka kidole juu ya pwani ya kusini ya Ufaransa, akauliza: «Mwalimu, nchi hii mbona jina lake limeandikwa baharini?» Wenzake wakacheka, lakini swali lake lilikuwa la haki. Mchora ramani hakupata nafasi ya kuandika jina la Monako ndani ya mipaka yake; kwa hiyo aliliandika majini, akaacha doa dogo tu ukingoni mwa pwani. Tulimweleza kijana ya kuwa doa lile ni nchi kamili, yenye mtawala wake na bendera yake, nayo ina kiti katika Umoja wa Mataifa tangu mwaka 1993. Tena ni kati ya nchi tajiri za dunia. Akafikiri kidogo, kisha akauliza swali la pili, ambalo hatukuwa na jibu lake tayari: «Basi sisi wenye nchi kubwa namna hii, tumekosa nini?»

Nchi ile tuliwahi kuizuru. Tulipokuwa tukirejea kutoka kuhiji Roma, tulipata siku moja ya kupumzika katika mji wa Nice, tukaitumia kwenda Monako. Fedha mfukoni zilikuwa chache. Tulikuwa na mkate, chupa ya maji, na miguu yenye nguvu. Leo twawaalika mfuate nyayo zetu, na njiani tutalitafuta jibu la kijana yule.

Stesheni ndani ya jabali

Kutoka Nice, gari la moshi huchukua muda usiofika nusu saa. Upande wa kuume ni bahari ya Mediteranea, na upande wa kushoto ni milima inayoshuka wima hadi majini. Ghafula gari likaingia gizani, likasimama, na watu wakashuka: tulikuwa tumefika, nasi tungali ndani ya mlima. Stesheni hii ilifunguliwa mwaka 1999. Hapo kwanza reli ilipita juu, lakini wenyeji waliona ya kuwa inakula ardhi, wakaizika katika jabali ili mahali pake pajengwe nyumba. Hilo lilikuwa somo letu la kwanza: huku hakuna anayetupa hata mita moja.

Hebu tupime. Eneo lote la Monako ni kilometa za mraba 2 na kidogo, yaani hekta 208 hivi. Katika dunia nzima, dola iliyo ndogo kuliko hiyo ni moja tu, nayo ni Vatikani. Kisiwa cha Idjwi katika ziwa la Kivu chaweza kuimeza Monako zaidi ya mara mia. Na Kongo yetu, yenye kilometa za mraba zipatazo 2,345,000, ni kubwa kuliko Monako zaidi ya mara milioni moja! Katika nafasi hiyo finyu wanakaa watu zaidi ya 38,000, na walio raia hasa hawafiki 10,000. Wengine ni wageni kutoka mataifa mengi, wengi wao wenye mali. Nyumba zimepandana juu ya mteremko kama ngazi, na serikali imeweka lifti za bure zinazowapandisha watu kutoka mtaa wa chini hadi mtaa wa juu, kama vile kwetu ngazi za udongo zinavyochongwa kilimani.

Mtakatifu aliyekuwa akielekea Afrika

Karibu na stesheni, katika korongo jembamba chini ya daraja, pana kanisa dogo la Mtakatifu Devota. Mapokeo yasimulia ya kuwa Devota alikuwa msichana wa kisiwa cha Korsika, aliyeuawa kwa ajili ya imani katika dhuluma ya Kaisari Diokletiano, karibu na mwaka 304. Mtawala wa kisiwa aliamuru maiti yake ichomwe moto, lakini Wakristo waliiiba usiku, wakaiweka katika mashua ili ipelekwe wapi? Afrika! Ndiko walikotumaini kuwa itapata maziko ya Kikristo. Tufani ikavuma, mashua ikapoteza njia. Ndipo njiwa alipotoka kinywani mwa marehemu, akaruka mbele ya mashua, akaiongoza hadi korongo hili.

Yasemekana tena ya kuwa baada ya miaka mingi wezi waliiba masalia ya mtakatifu, wakakimbilia baharini. Wavuvi wakawakamata, wakaichoma mashua yao pwani. Kwa hiyo hata leo, jioni ya tarehe 26 Januari, mkesha wa sikukuu yake, mtawala wa nchi pamoja na jamaa yake huwasha moto mashua mbele ya kanisa, na watu wote hutazama. Tulikaa kitambo katika viti vya kanisa lile tukimfikiria msichana huyu, somo wa nchi ya matajiri, ambaye safari yake ilikuwa ya kuja kwetu.

Mwamba na mtawa wa uongo

Tukaivuka bandari yenye mashua za anasa, kila moja ikishinda nyumba ya chifu kwa urefu, tukaupanda Mwamba. Ndilo jina la mji wa kale: Mwamba tu. Umejitokeza baharini wenye kuta wima pande tatu, na juu yake pana jumba la mtawala, kanisa kuu, na vichochoro vyembamba vyenye nyumba za rangi ya waridi na manjano. Watu wa Genoa walianza kujenga ngome yao hapa mwaka 1215.

Mbele ya jumba tulisimama pamoja na wageni wengine wengi, kwa maana kila siku, saa sita kasoro dakika tano, askari wa zamu hubadilishana kwa ngoma na tarumbeta. Mtawala haitwi mfalme. Cheo chake ni Mwana-mfalme, na tangu mwaka 2005 ni Albert wa Pili wa ukoo wa Grimaldi. Ukoo huu uliingiaje hapa? Jibu limesimama karibu na jumba: ni sanamu ya mtu aliyevaa kanzu ya Mfransisko, na chini ya kanzu ameficha upanga.

Tarehe 8 Januari 1297, François Grimaldi, aliyepewa jina la Mwerevu, alibisha mlango wa ngome akiwa amevaa kama mtawa. Walinzi walimfungulia kama vile kila mwenye nyumba angemfungulia mtumishi wa Mungu. Alipokwisha kuingia, akachomoa upanga, wenzake wakafuata, na ngome ikatekwa. Baada ya miaka michache waliipoteza, lakini watu wa ukoo ule walirudi tena na tena, hata utawala ukakaa mikononi mwao. Hawakuficha hila ile. Tazama ngao ya nchi: watawa wawili wameishika ngao, kila mmoja na upanga mkononi, na chini yake yameandikwa maneno ya Kilatini: «Deo Juvante», maana yake «Kwa msaada wa Mungu». Sisi tuliolelewa na watawa tuliitazama ngao ile kwa kicheko na kwa haya. Kuvaa kanzu takatifu ili kuteka nyumba ya mtu si jambo la kusifiwa, hata likitimiza miaka mia saba.

Kutoka hapo ni hatua chache kufika kanisa kuu la Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Lilianza kujengwa mwaka 1875, kwa mawe meupe yaliyoletwa kutoka kijiji cha La Turbie mlimani juu. Ndani ni kimya. Nyuma ya altare makaburi ya watawala yamepangwa kwa duara, kila moja likifunikwa na bamba la jiwe sakafuni. Juu ya moja watu huweka maua mengi kuliko mengine. Kilatini cha seminari kikatufaa: «Gratia Patricia», kisha maneno ya kusema ya kuwa alikuwa «uxor», yaani mke, wa Rainier wa Tatu.

Huyo ndiye Grace Kelly, Mmarekani wa mji wa Philadelphia, mcheza sinema aliyejulikana dunia nzima. Mnamo Aprili 1956 aliolewa katika kanisa hili hili, na watu wengi mno waliona arusi ile kwa televisheni. Akaacha sinema, akalea watoto watatu. Tarehe 13 Septemba 1982 gari lake lilianguka katika njia ya mlimani, na siku ya pili akafariki. Mumewe hakuoa tena; alipofariki mwaka 2005 alizikwa kando yake. Wageni wengi huja Monako kwa sababu ya sifa yake, na mwisho wa kumtafuta ni bamba la jiwe lenye jina na cheo cha mke. Tulisali Baba Yetu, tukatoka.

Jumba la bahari

Ukingoni mwa Mwamba, juu ya genge linaloangalia bahari, pana Jumba la Elimu ya Bahari, ambalo kujengwa kwake kulichukua miaka 11, hata likafunguliwa mwaka 1910. Mwenye wazo hilo alikuwa Albert wa Kwanza, mtawala aliyependa merikebu kuliko kiti cha enzi. Alisafiri hadi bahari za barafu za kaskazini, akipima kina cha maji na kukusanya viumbe visivyojulikana. Mwaka 1901, katika safari ya merikebu yake, wataalamu Charles Richet na Paul Portier walianza kuchunguza sumu ya viumbe vya baharini. Uchunguzi huo uliwafikisha kwenye elimu ya jinsi mwili uwezavyo kujidhuru wenyewe unapokutana mara ya pili na kitu usichokipatana nacho, na Richet akapewa tuzo la Nobel mwaka 1913.

Ndani ya jumba umetundikwa mfupa mzima wa nyangumi, nasi tulipita chini yake kama Yona aliyetapikwa. Katika vyumba vya chini, nyuma ya vioo vinene, samaki wa rangi zote huogelea. Hapa tuliwaona watoto wengi wa shule, wakiandika katika madaftari yao, na mwalimu wao akiwanyamazisha. Tukamwonea wivu mwenzetu yule. Kama tungeambiwa tuchague kitu kimoja cha Monako cha kupeleka kwetu, tusingechagua mashua za bandarini. Tungechagua jumba hili, tukaliweka kando ya ziwa la Tanganyika.

Bahari inapogeuka nchi kavu

Chini ya Mwamba, upande wa magharibi, ni mtaa wa Fontvieille. Tulitembea huko kana kwamba ni nchi kavu ya tangu kuumbwa kwa dunia, kumbe miaka sitini iliyopita palikuwa maji matupu. Rainier wa Tatu aliamuru mawe yamwagwe baharini, zikapatikana hekta 22 hivi za kujenga. Na mwezi wa Desemba 2024, upande wa mashariki, mtaa mwingine wa hekta 6 ulizinduliwa, nao umezungukwa na masanduku 18 ya saruji, kila moja likiwa na uzito wa tani 10,000 hivi. Watu waliokosa bonde wamelitengeneza.

Fontvieille pana uwanja wa michezo wa Louis wa Pili, uliojengwa juu ya maghorofa ya kuwekea magari. Huenda wasomaji wetu vijana wanaufahamu kuliko sisi. Hapa Joshua Cheptegei wa Uganda alikimbia mita 5,000 kwa dakika 12 na sekunde 35.36, tarehe 14 Agosti 2020, akavunja rekodi ya dunia; na hapa Faith Kipyegon wa Kenya alikimbia maili moja kwa dakika 4 na sekunde 7.64, tarehe 21 Julai 2023, ambayo hakuna mwanamke aliyewahi kuifikia kabla yake. Hapa pia alicheza Shabani Nonda, mwana wa Kongo aliyezaliwa Bujumbura na kuwahi kuichezea Yanga ya Dar es Salaam. Alikuwamo katika timu ya Monako iliyofika fainali ya Ulaya mwaka 2004. Basi jasho la Afrika limeanguka katika uwanja huu, nalo halikuanguka bure.

Nyumba ya kamari

Alasiri tulirudi bandarini, tukafuata barabara ile ambayo tangu mwaka 1929 magari ya mashindano hupita kwa ngurumo. Kona ya kwanza ya mashindano hayo inaitwa kwa jina la Mtakatifu Devota. Barabara ikatupandisha hadi Monte Carlo, mbele ya jumba lenye minara, bustani, na magari ambayo bei yake hatukuthubutu kuiuliza. Ndiyo Kasino, nyumba ya kamari.

Ili kuielewa, lazima turudi nyuma. Zamani Monako ilikuwa kubwa zaidi. Miji ya Menton na Roquebrune ilikuwa yake, yenye mashamba ya malimau na mizeituni. Lakini watawala waliwalemea watu wa huko kwa kodi juu ya matunda na mafuta, hata mkate wakautia chini ya amri yao. Mwaka 1848 miji hiyo miwili ikaasi. Mwaka 1861 mtawala Charles wa Tatu aliiachia Ufaransa kwa franka milioni 4. Sehemu kubwa mno ya nchi ikawa imekwenda, na pamoja nayo mashamba. Aliyebana sana alibaki na jiwe tupu.

Mtawala wa jiwe tupu afanye nini? Alitazama akaona ana vitu viwili: jua na bahari. Akasema kama wahenga wetu: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka 1863 alimpa François Blanc, bingwa wa kamari kutoka Ujerumani, ruhusa ya kuendesha nyumba ya kamari. Mwaka 1866 kilima kile kikaitwa Monte Carlo, yaani Mlima wa Charles. Mwaka 1868 reli ikafika, ikawaleta matajiri. Na mwaka 1869 wakaaji wakasamehewa kodi ya mapato. Mwaka 1879 Charles Garnier, yule aliyejenga jumba la opera la Paris, alimaliza ukumbi wa muziki ulio pamoja na Kasino. Fukara wa jana akawa mwenye neema.

Lakini sikilizeni jambo lililotushangaza kuliko yote. Raia wa Monako hawaruhusiwi kucheza kamari katika Kasino yao! Mgeni wa dunia yote aweza kupoteza shamba la baba yake mezani; mwana wa nchi amekatazwa. Tulisimama mbele ya milango ile tukijiuliza: je, ni hekima au ni unafiki? Mzazi anayemkataza mwanawe pombe ametenda vema. Lakini ikiwa mzazi huyo huyo anawauzia pombe watoto wa majirani, tumwitaje? Hakuna aijuaye sumu kuliko aiuzaye. Yafaa tuseme pia ya kuwa leo fedha za kamari ni sehemu ndogo tu ya mapato ya serikali. Biashara, benki, na kodi ya vitu vinavyouzwa vimelipita gurudumu la bahati. Hatukuingia. Tuliketi bustanini, tukala mkate wetu, na hakuna aliyetutoza.

Gari la moshi la jioni

Jua lilipoanza kushuka, tuliingia tena ndani ya jabali. Stesheni ilikuwa imejaa hata pa kukanyaga hapakuwapo. Hawakuwa wageni wa kutazama majumba. Walikuwa wapishi, wajenzi, wauguzi, makarani, na wanawake wa kufua na kutandika. Wafanyakazi zaidi ya 50,000 wanahesabiwa katika nchi ile, yaani kupita idadi ya wakaaji wenyewe, na wengi wao huja asubuhi kutoka Ufaransa na Italia na kurudi jioni, kwa sababu pango la chumba Monako lashinda mshahara wao. Kando yetu aliketi mama mmoja wa makamo, mzaliwa wa Ureno, amevua viatu na kuikanda miguu yake. Tulimsalimu, tukamwambia ya kuwa tumeiona nchi nzuri. Akatabasamu, akajibu: «Ndiyo, Bwana, ni nzuri. Miaka kumi na tisa natandika vitanda vyake. Kulala, nalala Nice.»

Maneno hayo tuliyakumbuka siku ile darasani, tulipotafuta la kumjibu kijana. Tulimwambia hivi: Monako ilipopoteza karibu yote, ilihesabu kilichobaki, ikakitumia. Ilizika reli, ikajaza bahari, haikudharau hata genge. Tena imeishi miaka mingi katika amani chini ya mkataba na jirani mkubwa, na amani ni mtaji ambao sisi twajua uchungu wa kuukosa. Hayo ni ya kuiga na ya kutamani. Lakini usidhani kila nchi yaweza kuwa Monako. Matajiri wanaokimbilia huko wameacha kodi kwao bila kulipwa, na wanaotandika vitanda wanalala ng'ambo ya mpaka. Nyumba zote za kijiji zikiishi kwa wageni, nani atalima?

Kijana hakuonekana kuridhika. Basi tukampa kamba ya kupimia, tukamwambia aende na wenzake wapime kiwanja cha shule yetu. Walirudi kesho yake na hesabu yao: hekta 2, na karibu nusu yake magugu. Akaandika ubaoni, akagawanya, kisha akatugeukia: «Mwalimu, Monako yote ni kama kiwanja chetu mara mia moja na nne tu.» Akaitazama hesabu yake kwa muda mrefu. Jumamosi iliyofuata, bila kuamriwa na mtu, mwaka wa pili walikuja shuleni na majembe.